Kuwangojesha Vijana Bila Tarehe Si Haki

Wahenga walituachia methali mbili zisizopatana. Walisema kwamba subira huvuta heri, kisha wakasema kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Aghalabu mzazi humkariria mwanawe ile ya kwanza, naye mwana huishi kwa ile ya pili. Wanaolijua jambo hili vyema ni vijana wetu wanaofanya mtihani wa KCSE mwezi Novemba, wakapata matokeo Januari, wakapeleka maombi ya nafasi za vyuo, kisha wakabaki wakingoja kuambiwa wameitwa wapi.

Mtaa wa Mwihoko, upande wa Ruiru ulio karibu na Githurai, una vijana wa aina hiyo kila mwaka. Hawa wanaishi jirani na elimu ya juu. Barabara Kuu ya Thika hupita Chuo Kikuu cha Kenyatta pale Kahawa, ikaelekea Juja kwenye Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, hadi Thika kwenye Chuo Kikuu cha Mount Kenya. Kijana huyapita malango hayo akiwa ndani ya matatu, asijue kama ataingia mojawapo, au atapelekwa Maseno, au Pwani kule Kilifi, au hatapata kozi aliyoiomba kabisa. Jina la mtaa wenyewe, katika lugha ya Kikuyu, lina maana ya matumaini, tena matumaini ya kumtegemea mtu. Yafaa tuulize: vijana hawa wanamtegemea nani?

Haki ni kukiri kwamba hali imekuwa nafuu. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja, na mrundiko wa wanafunzi ukaanza. Mnamo 1990 kundi la mwisho la Kidato cha Sita na kundi la kwanza la mfumo wa 8-4-4 yalijikuta yakigombania milango ile ile. Kwa miaka mingi iliyofuata, aliyeteuliwa na bodi ya pamoja ya vyuo, JAB, alikaa nyumbani takriban miaka miwili kabla ya kuingia darasani, na idadi ya walioteuliwa ilitegemea idadi ya vitanda. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 ndiyo iliyoleta shirika la KUCCPS, na siku hizi anayemaliza mtihani Novemba huweza kuripoti chuoni Agosti au Septemba inayofuata. Kutoka miaka miwili hadi miezi tisa au kumi si hatua ndogo.

Hata hivyo, kilichopunguzwa ni muda tu. Kutojua kumebaki pale pale. Maombi yana siku ya kufunguliwa na siku ya kufungwa. Kijana akichelewa, hana wa kumlaumu ila nafsi yake. Lakini siku ya kutangazwa kwa nafasi haina mahali pake pa kudumu katika kalenda. Hubadilika mwaka hadi mwaka, na mara nyingi mzazi huipata kwa redio siku ile ile inapotokea. Mwombaji amewekewa tarehe. Mwenye kuombwa hakujiwekea.

Lugha yetu ina neno linalofaa hapa. Tukilitia kitenzi "ngoja" katika kauli ya kutendesha, tunapata "ngojesha". Anayengoja twamwona kila siku kwenye baraza ya duka. Anayemngojesha hatumtaji, kana kwamba kungoja huko ni kama masika, hakuna aliyekusababisha. Nalo neno "subira" limetokana na Kiarabu, na ndani yake mna ustahimilivu wa mtu aliyeamua kustahimili. Asiyejua anangoja hadi lini hakuamua lolote. Tusimsifu kwa subira ambayo hakupewa nafasi ya kuichagua.

Gharama ya jambo hili ni kubwa. Kijana akienda kuomba kazi dukani huulizwa, "Utakaa mpaka lini?" naye hana jibu. Hivyo huishia kwenye vibarua vya mjengo vya siku moja moja. Mama muuza mboga wa Githurai hajui achukue zamu yake ya chama mwezi gani ili apate nauli, godoro na karo ya kwanza. Msichana hukabidhiwa watoto wa shangazi "kwa muda", na muda ule ukazaa mwaka. Sisi tunaofundisha vyuoni huwaona wanaofika. Wasiofika hatuwaoni, wala hatuwahesabu.

Isitoshe, barua ya kuitwa si mwisho wa safari. Mfumo wa ufadhili uliotangazwa Mei 2023 ulimtaka mwanafunzi aombe msaada na mkopo kwa kadiri ya uhitaji wa familia yake, kisha angoje tena kujua amewekwa daraja gani. Mahakama Kuu iliubatilisha Desemba 2024, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ikasimamisha hukumu hiyo. Mzazi wa Mwihoko alifuata habari hizo zote akitaka kujua jambo moja tu: atalipa kiasi gani?

Najua litakalojibiwa. Katika KCSE ya 2024 pekee, watahiniwa 246,391 walipata C+ au zaidi, na kuwapanga wote kwa alama za masomo, kozi na nafasi si kazi ya siku mbili. Ni kweli. Lakini ugumu wa kazi ni sababu ya kuipangia ratiba, si sababu ya kukosa ratiba. Nchini Marekani, mwombaji wa awamu ya kawaida hupeleka maombi mwanzoni mwa Januari akijua kwamba vyuo vingi vitamjibu kufikia mwanzo wa Aprili. Uingereza, siku ya Agosti ya matokeo ya A-level hujulikana mapema sana. Huko nako wengi hukataliwa, lakini wanajua siku watakayolia au watakayocheka.

Basi ombi ni dogo. Waziri anapotangaza matokeo ya KCSE, aitangaze papo hapo tarehe ya kutolewa kwa nafasi za vyuo. Ikilazimu kuahirishwa, taifa lielezwe kabla ya siku hiyo kufika, pamoja na sababu. Na barua ya kuitwa ije na hesabu kamili ya kile ambacho familia itatakiwa kulipa. Hayo hayahitaji jengo jipya wala mkopo wa Benki ya Dunia. Yanahitaji mwenye kuwangojesha vijana akubali kwamba naye ana siku yake ya mwisho. Ahadi ni deni, na mdai ana haki ya kujua atalipwa lini.