Mtoki wa Shingoni

Mkulima wa Kabambare akichomwa na kisiki mguuni, kidonda kikatunga usaha, baada ya siku mbili tatu utamsikia akilalamikia kinena. Mtoki umemtoka. Jeraha liko chini, uvimbe uko juu, na katikati ngozi ni nzima kabisa.

Kinachounganisha huku na kule ni mishipa ya limfu. Damu inapopita katika vimishipa vyembamba, maji yake huvuja na kuloanisha nyama. Mengi hurudi yalikotoka, lakini kama lita 3 kwa siku husalia, na yangeachwa tungevimba mwili mzima. Limfu ndiyo hayo maji yakishazolewa. Haina moyo wa kuisukuma: husogezwa na kuta za mishipa yake zinazojikaza, na misuli tunapotembea, na pumzi, mpaka imwagike kwenye damu chini ya mtulinga.

Njiani hupita katika tezi zaidi ya 500, nyingi ndogo kuliko punje ya haragwe. Humo ndimo baraza la ulinzi linamokaa. Seli zilizonasa vipande vya vijidudu kidondoni huja kuvionyesha kwa limfosaiti, askari wa baraza hilo, moja baada ya nyingine, hadi ipatikane inayovitambua. Hiyo hugawanyika, ikawa maelfu, na tezi hutuna. Kwa hiyo mtoki ni dalili kwamba kazi inafanyika.

Mji wa Kasongo una nafasi yake katika historia ya tezi hizi. Mwanzoni mwa 1905 walifika hapo madaktari wawili kutoka Liverpool, Joseph Everett Dutton na John Todd, wakifuatilia malale. Dutton ndiye aliyekuwa ametambua, huko Gambia mwaka 1901, kijidudu cha ugonjwa huo katika damu ya mtu. Mwaka 1904 madaktari Greig na Gray, waliokuwa Uganda, walichoma sindano tezi za shingo za wagonjwa na kukiona kikiogelea. Dutton na Todd waliigeuza mbinu hiyo kuwa desturi ya kazi: papasa shingo, ukikuta tezi iliyovimba choma, kisha weka tone chini ya darubini. Mara nyingi tezi ilisema pale damu iliponyamaza.

Dutton hakutoka Kasongo. Alifariki tarehe 27 Februari 1905, akiwa na miaka 30, kwa homa ya papasi, yule mdudu wa nyumba za udongo ambaye Wakongo walimwita kimputu, na ambaye yeye na mwenzake walikuwa wakimchunguza.

Utawala wa kikoloni uliichukua mbinu ile na kuitia ukali. Shingo iliyovimba ilitosha kumzuia mtu kusafiri au kumpeleka kambi ya kutengwa. Hilo lilikuwa kosa la kitabibu pia, maana tezi za shingo huvimba kwa jino bovu, kwa mafindofindo, kwa vidonda vya kichwani, kwa kifua kikuu. Ushahidi ni kijidudu chenyewe.

Na kijidudu cha malale ni mjanja. Limfosaiti zikishatengeneza silaha za kulenga vazi lake, baadhi ya vijidudu huwa tayari vimevaa jingine, na kazi huanza upya. Tezi huchoka bila kushinda, na hatimaye adui huingia kwenye ubongo.

Leo timu za upimaji bado hupapasa shingo, ila huanza na kipimo cha damu. Zamani aliyefikia hatua ya ubongo alidungwa dawa ya arseniki iliyoua baadhi ya wagonjwa. Mwishoni mwa 2018 Kongo iliidhinisha feksinidazoli, vidonge vya siku 10.

Wewe unayevua Lualaba au kuteka maji Luama, ambako mbung'o, inzi aenezaye malale, hupenda kivuli cha kando ya mto: ukiwa na homa ya kuja na kuondoka, kichwa kikikuuma, na uvimbe usiouma nyuma ya shingo, usiukande kwa mafuta ya mawese ukasubiri. Nenda ukapimwe.