Vinara wa Reptilia na Mjusi wa Buluu wa Kimboza

Rekodi za reptilia hazipatikani bila jasho. Mtu anamfunga mamba kamba ili ampime, mwingine anakesha ufukweni akimngoja kasa apande kutaga, mwingine anapekua majani makavu ya msituni usiku kwa tochi. Kazi hiyo ya wanaikolojia ndiyo iliyotupa vinara hawa. Ndiyo pia iliyotupa habari nzito: utafiti uliotolewa mwaka 2022, uliopitia spishi 10,196, ulionyesha kuwa zaidi ya spishi moja katika kila tano imo hatarini kutoweka.

Tuanze na mkubwa, maana ndiye watu humuulizia kwanza. Mamba wa maji chumvi aliyepewa jina la Lolong, aliyenaswa Bunawan nchini Ufilipino Septemba 2011, alipimwa akakutwa na urefu wa mita 6.17. Alikufa Februari 2013 akiwa kizuizini. Mdogo kuliko wote ni kinyonga wa kaskazini mwa Madagaska, Brookesia nana, aliyetangazwa mwaka 2021. Dume ana milimita 13.5 kutoka puani hadi mwanzo wa mkia, na anaenea juu ya ncha ya kidole cha mtu.

Madagaska ina pia mwenye maisha mafupi. Kinyonga wa Labord huanguliwa mvua zinapoanza Novemba, hukua mbio, hupandana, hutaga na kufa, yote ndani ya miezi minne au mitano. Kwa miezi minane au tisa ya mwaka, ukoo mzima umo ardhini ndani ya mayai. Moto mmoja au jembe moja likipita mahali hapo wakati huo, hakuna mzazi aliyebaki wa kuanza upya.

Kinyume chake ni Jonathan, kobe wa Ushelisheli aliyefikishwa kisiwa cha St Helena mwaka 1882 akiwa tayari amekomaa. Kwa kukadiria kutokana na ukubwa wake siku hizo, wataalamu wanasema alizaliwa karibu mwaka 1832. Hakuna mnyama wa nchi kavu anayejulikana kuwa na umri mkubwa kuliko huo. Sisi tunao jamaa zake katika kisiwa cha Changuu, karibu na Unguja, walioletwa kutoka Ushelisheli mwaka 1919. Walizaana vizuri hadi wizi ulipowaandama, na kufikia mwaka 1996 walibaki saba tu. Kuishi miaka mingi hakumkingi kobe na mtu mwenye gunia.

Baharini, mpiga mbizi hodari ni kasa noa, anayeshuka zaidi ya mita 1,200. Lakini rekodi ya kasa inayonikosesha raha ni nyingine. Jinsia ya kasa huamuliwa na joto la mchanga uliofukia mayai, na mchanga wa moto huzaa majike. Mwaka 2018 watafiti walieleza kuwa kasa wachanga watokao fukwe za kaskazini mwa Great Barrier Reef, Australia, ni majike kwa asilimia 99.

Sasa nije Morogoro, Tanzania, kwa yule ninayeona anastahili macho yetu kuliko hao wote. Chini ya milima ya Uluguru upo msitu wa Kimboza, takriban hekta 400 tu. Humo, na katika vipande vichache vya msitu jirani, anaishi mjusi Lygodactylus williamsi, ambaye hapatikani penginepo duniani. Dume ni buluu ya kung'aa, koo jeusi, tumbo la rangi ya chungwa. Jike ana ukijani. Makao yao ni miti ya jamii ya mkadi: hujificha katikati ya majani yake marefu yenye miiba, na kwa kawaida dume mmoja humiliki mti mmoja.

Uzuri huo ndio uliomponza. Watafiti waliofuatilia biashara ya mijusi hao waligundua kuwa kati ya Desemba 2004 na Julai 2009, kundi moja la wakusanyaji lilitoa porini mijusi zaidi ya 32,000, sawa na takriban asilimia 15 ya wote, wakauzwa nje kama wanyama wa kufuga. Kwa kuwa mjusi hukimbilia juu, wakusanyaji waliukata mti wenyewe. Anayenusurika hana tena pa kurudi. Mwaka 2012 aliorodheshwa kuwa hatarini kabisa kutoweka, na mwaka 2016, kwenye mkutano wa CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, jijini Johannesburg, mataifa yalikubali kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya mijusi waliokamatwa porini.

Marufuku hiyo ina nguvu pale tu mnunuzi anapokataa. Ndugu msomaji uliyeko Ulaya, ukimwona mjusi huyu anauzwa, dai hati za kuonyesha kuwa alizaliwa kizimbani. Zikikosekana, usimnunue, na utoe taarifa kwa mamlaka za huko.