Gemu Isiponoga, Nani Hujua Mapema?

Tarehe 24 Mei 2012, wafanyakazi karibu 400 wa 38 Studios, kampuni ya kutengeneza gemu iliyokuwa Providence katika jimbo la Rhode Island, Marekani, waliachishwa kazi kwa mkupuo mmoja. Mshahara wa katikati ya mwezi ulikuwa haujaingia. Bima ya afya ikakatika. Baadhi ya waliohamia Providence kutoka Massachusetts waligundua kwamba mikopo ya nyumba walizoziacha, ambayo kampuni iliahidi kuwatua, ilikuwa bado mzigo wao. Wiki mbili baadaye kampuni iliomba mahakama iitangaze mufilisi.

Haikuwa kampuni ya watu wavivu, wala haikukosa vipaji. Mwasisi wake, Curt Schilling, alikuwa mrushaji nyota wa besiboli aliyetwaa ubingwa wa Marekani mara tatu, mwaka 2001 akiwa na timu ya Arizona, kisha 2004 na 2007 akiwa na Boston. Alipoanzisha studio mwaka 2006 alitia fedha zake mwenyewe, akamwajiri mwandishi wa riwaya R. A. Salvatore abuni historia ya ulimwengu wa gemu zake, na mchoraji Todd McFarlane aupe sura. Mwaka 2010 serikali ya Rhode Island, iliyokuwa ikihangaika na ukosefu wa ajira, ilidhamini mkopo wa dola milioni 75 ili studio ihamie kwake na kuleta ajira 450.

Februari 2012 kampuni ilitoa Kingdoms of Amalur: Reckoning, iliyotengenezwa na tawi lake la Maryland. Ziliuzwa nakala zaidi ya milioni moja katika miezi ya mwanzo. Studio nyingi duniani zingefanya sherehe kwa mauzo hayo. Lakini gavana wa jimbo, Lincoln Chafee, alieleza kwamba zilihitajika nakala milioni 3 ili gharama zirudi. Wakati huohuo kikosi kikubwa cha Providence kilikuwa kikijenga gemu nyingine kabisa, ya kuchezwa na maelfu ya watu kwa pamoja kupitia intaneti, iliyopewa jina la siri la Copernicus. Miaka sita ilipita na gemu hiyo haikuwahi kumfikia mchezaji hata mmoja wa kawaida.

Hapo ndipo pa kufanya hesabu. Katika studio za Marekani za wakati huo, makadirio ya kawaida yalikuwa kwamba mfanyakazi mmoja aligharimu kama dola 10,000 kwa mwezi ukijumlisha mshahara, bima, pango na vifaa. Watu 400 ni dola milioni 4 kila mwezi. Kwa maneno mengine, kila mwezi ambao Copernicus iliendelea kuwa fumbo, bila mtu wa nje kusema inanoga au haichezeki, ulikula milioni 4. Vifo vingi vya studio huelezwa kwa usimamizi mbovu au tamaa, na mara nyingine ndivyo ilivyo. Chini yake, hata hivyo, kuna swali moja la gharama: ni bei gani kujua kwamba gemu yenu haifurahishi?

Swali hilo lina uzito kwa sababu kutabiri mafanikio ya kazi ya sanaa ni kugumu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2006 watafiti Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walichapisha katika jarida la Science jaribio lililohusisha watu 14,341. Waliweka kwenye tovuti nyimbo 48 za bendi zisizojulikana. Washiriki wengine walichagua nyimbo bila kujua wenzao wamependa nini. Waliobaki waligawanywa katika makundi manane yasiyokutana, na kila kundi lilionyeshwa ni mara ngapi kila wimbo umepakuliwa na watu wa kundi hilo.

Nyimbo zilikuwa zilezile, lakini makundi yalitoa mabingwa tofauti. Wimbo mmoja ulishika namba 1 katika kundi moja na namba 40 katika lingine. Nyimbo bora hazikuanguka vibaya na zile mbovu kabisa hazikupaa, ila katikati yake lolote liliweza kutokea, kwa kuwa watu walifuata walikokwenda wenzao.

Gemu huuzwa kwa njia hiyohiyo. Among Us ilitoka mwaka 2018 na ikapita kimyakimya. Mwaka 2020, watu walipokuwa wamefungiwa majumbani kwa sababu ya korona, watangazaji maarufu wa gemu mtandaoni walianza kuicheza, na dunia nzima ikawafuata. InnerSloth, studio iliyoitengeneza, ilikuwa na watu watatu tu. Watu watatu wanaweza kusubiri miaka miwili hadi bahati ibishe hodi. Watu 400 hawawezi.

Kuna sababu nyingine inayofanya ukubwa uwe hatari, na ilielezwa kabla gemu hazijawa biashara kubwa. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa programu kubwa za IBM miaka ya 1960, aliandika mwaka 1975 kwamba ukiongeza watu katika kazi ya programu iliyochelewa, utaichelewesha zaidi. Wapya lazima wafundishwe, tena na wale walio mbioni kumaliza kazi. Njia za mawasiliano nazo hufumuka: watu 5 wana jozi 10 za kuelewana, watu 50 wana jozi 1,225, na watu 400 wana jozi 79,800. Mabadiliko madogo, kama vile kuongeza kasi ya upanga, hulazimika kupita kwa wachoraji, watengeneza sauti, waandika programu na wakaguzi kabla hayajaonekana kwenye skrini. Katika kikosi cha watu watano, mmoja humgeukia mwenzake na kumwambia.

Supercell ya Finland ilijengwa juu ya ukweli huo. Ilianzishwa mwaka 2010, na gemu yake ya kwanza, Gunshine, ilichezwa kwenye kivinjari cha kompyuta. Iliwavuta watu, kisha wakaanza kuondoka. Badala ya kuendelea kuimwagia fedha, kampuni iliizima na kugeukia simu na vishikwambi. Ikajigawa katika vikosi vidogo vyenye uhuru mkubwa, na kila gemu ikawa inajaribiwa kwanza katika nchi chache, kama Kanada, kabla ya kufunguliwa kwa dunia. Takwimu za siku za mwanzo husema yote: wangapi walirudi kesho yake, wangapi baada ya wiki. Zikiwa mbaya, kikosi chenyewe ndicho huamua kuiua gemu. Mkurugenzi wake, Ilkka Paananen, ameeleza mara nyingi kwamba siku hiyo hufungua shampeni kushukuru kwa walichojifunza.

Mwaka 2012 zilitoka Hay Day na Clash of Clans. Mapema mwaka uliofuata gemu hizo mbili zilikuwa zikiingiza dola milioni 2.4 kwa siku, na kampuni ilikuwa na watu kama 100 tu. Mwaka 2016 Tencent ya China ilikubali kulipa dola bilioni 8.6 ili kuchukua sehemu kubwa ya hisa zake.

Je, udogo ndiyo siri? La hasha. Larian ya Ubelgiji ilikuwa na watu zaidi ya 400, karibu idadi ileile iliyoizamisha 38 Studios, ilipotengeneza Baldur's Gate 3. Tofauti ni kwamba Oktoba 2020 ilianza kuuza sehemu ya kwanza tu ya gemu ikiwa bado na kasoro zake. Wachezaji walinunua zaidi ya nakala milioni 2 za kazi isiyokamilika. Karibu miaka mitatu wakawa wanalipa na wakati huohuo wanaonyesha panapochosha na panapokwama. Gemu kamili ilipotoka Agosti 2023, ilibeba tuzo kuu ya mwaka.

Sasa itazame Concord, gemu ya studio ya Firewalk iliyomilikiwa na Sony. Watu wengi wa nje waliigusa kwa mara ya kwanza Julai 2024, wiki chache tu kabla ya kutolewa. Ilipotoka tarehe 23 Agosti kwa dola 40, ikishindana na gemu za aina yake zinazochezwa bure, wachezaji wa wakati mmoja kwenye jukwaa la Steam hawakufika 700. Tarehe 6 Septemba ilizimwa na wanunuzi wakarudishiwa fedha. Oktoba studio ikafungwa. Wachezaji walitoa hukumu waziwazi, lakini miaka ya kazi ilikuwa imekwisha lipwa.

Afrika Mashariki, vijana wenye uwezo wa kutengeneza gemu wapo. Mkenya Wesley Kirinya na Mghana Eyram Tawia walianzisha Leti Arts mwaka 2009, wakiwa na makao Nairobi na Accra. Kinachokosekana ni fedha za kukosea mara nyingi. Angry Birds ya Rovio, kumbuka, ilikuwa gemu ya 52 ya studio hiyo ya Finland, na ilitoka mwaka 2009 kampuni ikiwa ukingoni mwa kufilisika. Ni mwekezaji gani wa Nairobi au Dar es Salaam angevumilia gemu 51 zisizotamba? Wafadhili wanaotaka kusaidia waache kudai gemu moja kubwa ya kujivunia. Walipie majaribio kumi madogo, na wakubali mapema kwamba tisa yatakufa. Nawe msomaji, ukikuta studio ya hapa imeweka toleo la majaribio, lipakue, ulicheze, kisha uwaandikie bila kuwaonea haya: wapi ulifurahi, na ni dakika gani ulichoka ukaizima simu.