Mnara wa Kutazama Ndege

Kando ya shamba letu kuna kinamasi. Mwaka jana mimi na wenzangu tulijenga jukwaa katikati yake, ati tuwaone korongo wenye taji kwa karibu. Tulikanyaga matete na kupiga kelele. Jamani! Korongo walikiacha kiota, mayai yakapoa. Kumbe tangu 2012 ndege hawa wamehesabiwa miongoni mwa walio hatarini kutoweka duniani. Majuto ni mjukuu.

Baadaye tulizuru Saiwa, karibu na Kitale, mbuga ya taifa iliyotengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe. Huko watu hupita juu ya njia za mbao na kutazama wakiwa juu ya minara ya mbao. Basi nikaelewa. Mnara ujengwe ukingoni, kabla ndege hawajaanza kutaga. Nguzo ziwe chache ili maji yapite. Ngazi iwe upande wa nyuma, ndege wasiwaone wapandao. Ukuta uwe wa matete, wenye vitundu vya kuchungulia.

Jukwaa letu tumelibomoa, tukajenga mnara ukingoni. Korongo bado hawajarudi. Tunawangoja, kimya.