Kuangalia Ndege wa Pemba na Kulinda Afya Wakati wa Maradhi ya Mlipuko

Tarehe 11 Machi, 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba maradhi ya UVIKO-19 yamekuwa janga la dunia nzima. Mwezi huo huo mgonjwa wa kwanza alitangazwa hapa Zanzibar, skuli zikafungwa na ndege za watalii zikasita kuja. Ndege wa mitini hawakusita. Hali ya dharura ya kimataifa iliondoshwa tarehe 5 Mei, 2023, lakini hakuna mtaalamu anayeahidi kuwa janga jengine halitokuja. Makala haya yanaeleza namna mtumishi wa Serikali na mwananchi wa Pemba anavyoweza kunufaika na ndege wa kisiwa chake katika nyakati kama hizo, bila ya kujihatarisha mwenyewe wala kuwahatarisha ndege hao.

Virusi vya UVIKO-19, kama vile vya homa ya mafua, husafiri katika chembechembe ndogo zitokazo na pumzi na mate. Ndani ya chumba kilichofungwa chembechembe hizo huelea kwa muda mrefu. Nje, upepo huzitawanya. Kwa hiyo mtu aliyesimama peke yake chini ya mwembe yumo katika hatari ndogo kuliko aliyekaa na wenzake ofisini, madirisha yakiwa yamefungwa. Faida hiyo hupotea iwapo atapanda gari iliyosheheni abiria ili afike kwenye msitu wa Ngezi. Janga linapokuwepo, inafaa kuangalia ndege wa jirani, kwa miguu. Darubini isipokezanwe, kwani hugusa pembezoni mwa macho. Ikibidi kupokezana, ifutwe kwanza na mikono ioshwe kwa sabuni. Mwenye homa au kikohozi abaki nyumbani. Dirisha litamtosha.

Na dirisha la Pemba linatosha kweli. Kisiwa hiki kina aina nne za ndege wasiopatikana pahala pengine popote duniani. Chozi wa Pemba huja hadi uani kufyonza utamu wa maua. Dume lake huonekana jeusi mpaka jua limpige, ndipo mng'aro wa kijani unapotokea. Kinengenenge wa Pemba ni mdogo, wa rangi ya manjano, mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, naye hupita kwa makundi akitafuta wadudu majanini. Ninga wa Pemba hula matunda, na hutulia juu ya mkuyu kimya hata mtu akadhani ni majani. Wa nne ni bundi mdogo, ambaye husikika zaidi kuliko kuonekana.

Bundi huyo alielezwa katika maandishi ya kitaalamu mwaka 1937, na ninga mwaka 1940, na R. H. W. Pakenham, aliyekuwa mtumishi katika utawala wa kikoloni hapa visiwani. Kitabu chake cha orodha ya ndege wa Unguja na Pemba kilichapishwa mwaka 1979. Wakulima wa karafuu, bila ya shaka, walikuwa wakimsikia bundi huyo tangu zamani, hawakuandika tu. Mtumishi wa leo mwenye daftari na kalamu anaweza kuandika tarehe, saa, pahala na idadi ya ndege aliowaona, na kazi hiyo humpumzisha akili iliyochoshwa na habari za maradhi.

Suala la bundi linahitaji maelezo zaidi. Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kuwa bundi akilia juu ya paa, msiba umekaribia. Wakati wa janga, ambapo misiba inakuwepo kweli, sauti hiyo huogofya maradufu, na mkono hutafuta jiwe. Inafaa ieleweke kwamba UVIKO-19 haikuenezwa na bundi wala ndege mwengine yeyote. Ilienezwa na sisi wenyewe kwa pumzi zetu. Bundi wa Pemba hukaa msituni na katika mikarafuu yenye majani mazito. Anayekatwa mti wake hapa hana kisiwa chengine cha kukimbilia. Atakayependa kumsikiliza na atoke kibarazani baada ya magharibi, avae nguo za mikono mirefu kwa ajili ya mbu, atulie. Atasikia mlio mmoja mfupi, kisha kimya, kisha mwengine.

Ndege anayestahili kupunguzwa ni kunguru, aliyeletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili ale takataka. Yeye hula pia mayai na makinda ya ndege wadogo. Jaa lililo wazi humlisha kunguru, inzi na panya kwa pamoja, hivyo kufukia taka ni kazi ya afya na ya ndege kwa wakati mmoja.

Wakaazi wa pwani wana bahati yao. Kuanzia mwezi wa Septemba hadi Aprili, sululu, chekeamwezi na wenzao waliotoka kaskazini ya mbali huonekana katika fukwe zetu. Maji yakipwa hutawanyika mbali sana. Saa nzuri ni pale maji yanapojaa, hasa wakati wa bamvua, yakawasogeza karibu na mikoko.

Ndege mgonjwa au aliyekufa asiguswe, asichinjwe, wala watoto wasiachiwe wamchezee. Homa ya mafua ya ndege aina ya H5N1 iliwaambukiza watu 18 huko Hong Kong mwaka 1997, na 6 kati yao walifariki. Tangu mwaka 2021 imeua ndege pori wengi katika mabara mbali mbali. Wakionekana ndege kadhaa wamekufa pahala pamoja, apelekewe taarifa Sheha au afisa wa mifugo wa Wilaya, akitajiwa pahala, siku na idadi yao, na kuku wa karibu wafungiwe bandani mpaka afisa huyo afike.