Hesabu ya Msikiti wa Kizimkazi

Katika msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, kuna maandishi ya hati ya Kikufi yaliyochongwa kwenye mawe ya matumbawe karibu na mihrabu. Yanataja mwaka 500 Hijria, na vitabu vinasema huo ni mwaka 1107 Miladia. Mpe mtoto wa darasa la tano miaka hiyo miwili, umwambie Hijria ilianza mwaka 622. Atajumlisha 622 na 500, apate 1122, kisha atakutazama. Kitabu kimekosea au yeye?

Mwaka wa Hijria hufuata mwezi, nao ni mfupi kuliko wa Miladia kwa siku kama 11. Mtoto wa Unguja analijua hilo kabla ya kufundishwa, kwa kuwa ameiona Ramadhani ikisogea mwaka hadi mwaka. Siku 11 kwa miaka 500 ni siku 5,500, yaani miaka 15 hivi. Toa 15 kwenye 1122, unabaki na 1107. Hapo mtoto ametumia hesabu, historia na yale aliyoyaona kila Ramadhani kwa pamoja, na amegundua kwamba tarehe iliyoandikwa kitabuni inaweza kukaguliwa, hata na yeye.

Ndiyo maana siafiki rai kwamba historia, jiografia na uraia ni masomo ya kukariri, yapunguzwe shule ya msingi ili watoto wapate vipindi zaidi vya sayansi na Kiingereza. Mzazi anayesema hivyo simlaumu, anamtafutia mwanawe kesho yake. Lakini kinachomchosha mtoto ni orodha ya masultani na miaka yao ubaoni, bila swali hata moja.

Chukua Mkunazini, mjini Unguja. Soko la watumwa la hapo lilifungwa mwaka 1873, Sultani Seyyid Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza, na Waanglikana wakajenga kanisa lao pale pale. Jirani na kanisa kuna vyumba vya chini ya ardhi ambavyo wageni huambiwa kuwa watumwa walifungiwa humo. Baadhi ya wanahistoria wanalitilia shaka hilo, kwa sababu jengo lililo juu yake lilijengwa na wamisionari baada ya soko kufungwa. Mtoto wa miaka kumi na moja anaweza kabisa kufundishwa kuuliza: nani kasema, lini, na kajuaje? Na afundishwe pia kwamba kuvitilia shaka vyumba si kukana utumwa. Soko lilikuwepo, mkataba upo, na watu waliouzwa pale walikuwa watu kweli. Kutenganisha mambo hayo mawili ni kazi ngumu hata kwa watu wazima, na ukitazama yanayosambazwa kwenye simu zetu kila siku utaona tunavyoihitaji.

Sayansi ya jamii nayo haiko mbali na mlango wa nyumba. Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, mwishoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wake wengi ni wanawake. Mtoto wa huko akitumwa amuulize mama yake kilo ya mwani mkavu inauzwa kiasi gani, bei anaipanga nani, na kwa nini maji yakipata joto mwani huoza, atarudi darasani na uchumi, jiografia na mazingira kwenye ukurasa mmoja wa daftari.

Kusubiri sekondari ni kuchelewa. Mtoto wa miaka kumi ameshakaa barazani, ameshasikia habari za Mapinduzi ya Januari 12, 1964 zikisimuliwa kwa namna moja nyumbani kwao na kwa namna nyingine nyumba ya pili. Asipofundishwa na mwalimu kusikiliza masimulizi mawili na kuyapima, atachukua ya nyumbani kwao na kumhesabu jirani kuwa mwongo.

Nawaomba wazazi jambo moja. Mtoto akikuuliza, "Baba, umejuaje?", usimkemee ukidhani ni utovu wa adabu. Mjibu, na kama jibu huna, mshike mkono mwende mkamuulize bibi yake.