Mtoto Mwenye SS Hakulogwa

Hapa Goma mtoto akivimba mikono na miguu, akalia kwa maumivu ya mifupa, akapungukiwa na damu kila mara, wengine humtafuta mchawi. Wengine humfukuza mama yake. Soma Yohana sura ya 9, uone kama Yesu aliwahesabia wazazi kosa.

Ugonjwa huu ni selimundu, tunaouita SS. Chembe nyekundu za damu hupindika kama mundu, zikaziba mishipa midogo. Mtoto ameurithi kwa baba na kwa mama pia, nao waweza kuwa wazima kabisa. Kwao kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Basi wewe baba, usimtwike mkeo peke yake. Damu yako imo.

Mlete apimwe. Anywe maji mengi, alale ndani ya chandarua. Homa ikimshika, usingoje kesho.

Iko dawa, haidroksiyurea. Watoto zaidi ya 600 wa Kinshasa, Luanda, Kilifi na Mbale waliimeza katika utafiti uliotangazwa mwaka 2019. Maumivu, malaria na vifo vikapungua. Wazazi wao walikubali damu ya watoto ipimwe mara kwa mara. Daktari akikuomba ruhusa ya namna hiyo, muulize yote. Usidhani damu inakwenda kuuzwa.